Sukamahela kwa herufi L

Mjomba wangu haiamini gari isiyo na klachi. Ameendesha malori zaidi ya miaka 30, Dar kwenda Kigali na kurudi, na kwake otomatiki ni kama ugali wa kulishwa: unashiba, ila mkono wako haukuhusika. Alfajiri ile nilipompitia Kizota, Dodoma, alipanda Prado yangu ya mwaka 1997, akafunga mkanda, akachungulia miguuni pangu pale alipoona pamepungua pedeli moja, akaguna. Tulikuwa na posa Singida saa nane mchana na yeye ndiye mshenga. Bila yeye hakuna kikao.

Tulipita Nala jua likiwa bado halijaamua. Gari ilikuwa nyepesi, inabadili gia bila mtu kusikia, nami nikawa natamba kimoyomoyo. Ukikaribia Bahi nchi inalala bapa kama sinia: majaruba ya mpunga upande huu, mibuyu upande ule, na reli ya kati ikikusindikiza kama mtu asiye na haraka. Pale Mjomba akasema hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, tununue mchele. Tukasimama, tukapatana bei, gunia likapakiwa nyuma.

Kuondoka ndipo nilipokutana na shida. Nikakanyaga mafuta, injini ikaitika, gari haikuitika. Ikajivuta taratibu kama ng'ombe aliyeshtukia kuwa anapelekwa mnadani, na ilipofika kama kilomita 60 kwa saa ikawa nzima kabisa, inateleza barabarani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikajiambia ni uzito wa mchele. Gunia moja, Prado! Mtu mwenye gari ya zamani hujifunza kujidanganya mapema.

Kintinku ilinivua nguo. Pale kuna matuta, na kila tuta lilikuwa kesi: napunguza mwendo, navuka, kisha injini inalia nasi tunatambaa. Mjomba akanyamaza, na ukimya wa dereva wa lori ni mbaya kuliko matusi yake. Kisha akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Mwanangu, hiyo taa inayokukonyeza ni ya nini?"

Ilikuwa taa ya O/D OFF, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yetu likipiga moja kwa moja kwenye kioo cha dashibodi, sikuiona. Taa hiyo ikiwaka tu bila kukonyeza, maana yake umebonyeza kitufe cha kuzuia gia ya nne. Ikikonyeza yenyewe, kompyuta ya gia inakuita.

Mbele yetu kulikuwa na mlima Sukamahela. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba baada ya kukaa chini bondeni, barabara inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, na malori yenye mzigo yanaupanda kwa kuhesabu nati. Tuliingia na kasi ya 80. Ikawa 50, ikawa 30, ikawa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Taa ya joto la oili ya gia ikawaka. Nikaegesha pembeni nyuma ya semi-trela moja lililosimama kupoa.

Nilitaka kuzima injini, mkono ukaishia njiani. Oili ya gia otomatiki inazungushwa na pampu, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Ukizima, oili yenye moto inabaki imekaa palepale inajikaanga. Nikaweka P, herufi ya kuegesha, nikaiacha iungurume taratibu, nikafungua boneti.

Utingo wa lile semi-trela akaja akijifuta mikono. Alimwamkia Mjomba, akanisikiliza nusu sentensi, akatoa hukumu. "Gia boksi hiyo imekwisha, bosi. Klachi za ndani zimeungua. Tafuta ya mtumba, zipo Dar."

Sina ugomvi na yule kijana. Ndivyo wanavyosema wote, kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi gereji zenye geti. Gia ya mkono ikisumbua watu huuliza maswali. Otomatiki ikisumbua watu huchimba kaburi.

Taa ya joto ilipozimika nilikaa kwenye usukani, mguu wa kulia kwenye breki, nikapitisha mkono wa gia kwenye kila herufi, nikarudi P, kisha nikachomoa dipstiki injini ikiwa inaunguruma. Hivyo ndivyo inavyopimwa: ya moto, injini ikifanya kazi. Ukiipima asubuhi imelala utaambiwa uongo, utaongeza oili isiyohitajika, nayo ikizidi inatoka povu na kuleta shida ileile uliyokuwa ukiiogopa. Oili ilifika kwenye alama ya moto. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni ambayo Mjomba hasafiri bila nayo. Tone lilisambaa jekundu lililokolea kidogo, kama chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa, bila weusi, bila chembe, bila ile harufu ya mkate ulioungua. Klachi zikiungua kweli hazifichi. Harufu inakufikia kabla ya dipstiki.

Nikarudi ndani. Breki ya mkono juu, breki ya mguu chini, kutoka N, yaani huru, kwenda D, ya kwenda mbele. Gari ilishtuka kidogo papo hapo. Kwa gia boksi hizi za Toyota, kutoka N hadi D kushika kusizidi sekunde 1.2, na kwenda R, ya kurudi nyuma, kusizidi 1.5. Nikajaribu R, ikarudi nyuma kwa nguvu mlimani pale hadi Mjomba akashika dari.

Ndipo nikaweka L, herufi ya gia ndogo, nikaachia breki, nikagusa mafuta.

Gari iliruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mjomba alinitazama. "Kumbe ina nguvu!"

Ilikuwa nayo muda wote. Gia otomatiki ya Prado ile ni chuma na oili, lakini mwenye kuamua gia ipi iingie ni vali mbili ndogo za umeme, solenoidi, zilizomo ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Kompyuta ndiyo inayoziwasha na kuzizima. Umeme ukikosekana kwenye zote mbili, oili inafuata njia iliyoachwa na mkono wako tu, na waliotengeneza waliipanga hivi: ukiweka D unapata gia ya nne peke yake, ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka L unapata ya kwanza. Kwa hiyo tangu Bahi nilikuwa naondoka kwa gia ya nne. Hebu liondoe lori kwa gia ya nne uone. Kile chungu cha oili kilicho kati ya injini na gia boksi, konveta, ndicho kilichokuwa kinateleza na kuchemka kufidia ujinga wangu. Kwenye tambarare sikujua kitu, maana gia ya nne ndiyo iliyotakiwa.

Nilipomweleza Mjomba, uso wake ulifunguka. "Basi hii sasa ni gari ya mkono," akasema. "Endesha kama mwanamume. L mpaka juu."

Tukaupanda Sukamahela kwa herufi L, mwendo wa kilomita 20 hadi 25, injini ikilia kama mashine ya kusaga, macho yangu kwenye taa ya joto. Semi-trela lilikuwa limeondoka kabla yetu na tulilikuta kwenye kona. Hatukuwa na haki ya kulipita, nalo halikuwa na uwezo wa kutukimbia. Utingo alichungulia dirishani, akatuona tunapanda na gia boksi yetu iliyokufa, akapunga mkono. Mjomba alimpungia kwa heshima zote. Mguu wake wa kushoto, niliuona, ulikuwa unakanyaga zulia kila injini ilipopandisha sauti.

Juu kulipotulia nikahamisha kwenda 2, na kwa gia hiyo ya tatu tukaingia Manyoni saa tano kasoro.

Mimi nilitafuta fundi umeme, sikutafuta fundi gia. Tulimpata mtaa wa nyuma, kijana mpole mwenye mita ya umeme iliyofungwa raba. Kina mama na vijana waliokuwa karibu wakatoa ushauri wa bure: mwaga oili yote, weka oili nzito ya injini, geuza iwe ya mkono. Hiyo ya oili nzito iogopeni kama ukoma. Gia boksi ile inakunywa Dexron II au III na hainywi kingine.

Fundi alifungua kile kikasha cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC pale kwenye injini, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga injini. Ile taa ya O/D OFF ikaanza kusema. Tukahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea: sita, kimya, mbili. Kimya kirefu. Sita, kimya, tatu.

"62 na 63," fundi akasema. "Solenoidi ya kwanza na ya pili, mzee. Mbili kufa kwa siku moja, mimi siamini. Waya."

Akaingia chini na tochi. Hakukaa dakika tano akaniita. Nililala kwenye kipande cha boksi nikatazama alipoonyesha: mkanda wa nyaya unaoshuka ubavuni mwa gia boksi ulikuwa umelalia bomba la ekzosi, plastiki imeyeyuka ikawa kama ubani uliotafunwa, na shaba mbili tupu zinang'aa zimegusa chuma. Kibanio kilichotakiwa kuushika mkanda ule kilikuwa kinaning'inia bila kazi. Majuma mawili nyuma nililehemu ekzosi mahali fulani Dodoma. Aliyekifungua kibanio ili apitishe moto hakukirudisha. Dereva naye, yaani mimi, alilipa akaondoka bila kuchungulia.

Fundi alizitenganisha zile nyaya, akapima solenoidi moja moja kwa mita. Ilisoma oumu 13, na nyingine 13 na ushee. Kipimo chake kinatakiwa kiwe kati ya 11 na 15. Akakata palipoungua, akaunga, akalehemu kwa risasi, akavisha mpira na solotepu, akauvuta mkanda mbali na ekzosi na kuufunga kwa waya wa chuma juu ya kipande cha tairi. Akachomoa fyuzi ya EFI, akahesabu polepole hadi kumi na tano, akairudisha ili kompyuta isahau. Alitaka 25,000. Mjomba, ambaye hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, alimwongezea 5,000.

Singida tulifika saa nane na robo, wenyeji bado wanachinja kuku. Posa ilikubaliwa, hilo ni simulizi jingine.

Ila kabla ya hapo, tulipotoka Manyoni na barabara ikanyooka, Mjomba alizima redio. Akaweka kiganja juu ya mkono wa gia bila kuusogeza, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akaniambia nikanyage taratibu.

"Moja," akasema. "Mbili." Mshale wa mzunguko ukashuka, ukapanda. "Tatu... nne." Akasubiri. Mshale ukashuka tena, kidogo tu, safari hii bila kushtua.

"Na hiyo ya tano?"

"Haina ya tano, Mjomba. Hiyo ni konveta imejifunga, imekuwa kitu kimoja na injini."

Alifikiri mpaka tukapita vijiji viwili.

"Kwa hiyo klachi inayo," akasema.