Nilivyoilinda hamu ya kutengeneza gemu peke yangu

Ukitengeneza gemu peke yako, wewe ndiye mchoraji, mwandishi wa msimbo (maagizo yanayoiendesha gemu), fundi wa sauti na mjaribu. Hakuna bosi wa kukuuliza umefika wapi, wala mwenzako wa kukwambia kazi ya jana imependeza. Gemu yangu ya kwanza niliimaliza, na sasa niko kwenye ya pili. Kilichonivusha ni kanuni moja niliyojiwekea: kila ninapoinuka kitini, gemu iwe inachezeka.

Gemu ina kazi nyingi zisizoonekana, kama kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji, menyu za mipangilio, au kupanga upya msimbo uliovurugika. Zikifuatana wiki nzima moyo unapoa, kwa sababu kila ukiwasha gemu unakuta yaleyale. Kwa hiyo nilianza kuzichanganya. Nikishughulikia kazi ya ndani, siku hiyohiyo naongeza kitu ambacho mchezaji atakiona au kukisikia: vumbi kidogo mhusika anapotua, mlio wa mlango, skrini kutikisika adui anapoanguka. Ni vitu vidogo, lakini kesho yake nikiwasha gemu naikuta imesogea.

Michoro niliiacha kando kwa muda mrefu. Mhusika alikuwa mstatili mwekundu, na dunia yake maboksi ya kijivu. Nilitaka kuruka kwenyewe kuwe kutamu kabla sijamchora mtu yeyote, na nashukuru nilifanya hivyo, kwani mchoro uliokugharimu usiku kucha ni mgumu sana kuutupa.

Hamu ilipanda zaidi siku niliyomkalisha binamu yangu mbele ya kompyuta. Nilijizuia nisimwelekeze chochote, nikawa natazama vidole vyake tu. Kila alipofika ukingoni alibonyeza kitufe cha kuruka akiwa amechelewa kidogo tu, anaanguka shimoni, anakunja uso. Usiku ule niliongeza mbinu ya siku nyingi katika gemu za kuruka: mhusika akishauacha ukingo, bado anaruhusiwa kuruka kwa fremu 6 zaidi, yaani picha 6 zinazofuatana kwenye skrini. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Aliporudi kucheza hakujua nimebadilisha nini, ila alivuka akacheka, akaomba leveli nyingine. Kicheko kile kilinifanyisha kazi kwa furaha muda mrefu zaidi kuliko video zote za kutia moyo nilizowahi kutazama.

Kabla ya kuzima kompyuta naandika kwenye daftari kazi moja ya kesho, ndogo na inayoshikika. “Tengeneza maadui” haifai, maana ukiisoma asubuhi unachoka kabla hujaanza. “Adui wa pili hageuki akifika ukutani” inafaa: unakaa, unaitafuta hitilafu, unairekebisha, na ukishaanza unajikuta umeendelea na mengine.

Habari za waliofanikiwa nazisoma kwa tahadhari. Eric Barone alitengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka 4 hadi ilipotoka Februari 2016, na watu humtaja kama kipimo. Mimi namheshimu sana, lakini sishauri mtu aanze na safari ndefu kiasi hicho. Gemu yangu ya kwanza niliipunguza mpaka ikawa ya kumalizika kwa kikao kimoja, na kila wazo lililozidi hapo nililiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari.

Mawazo mapya ndiyo adui mkubwa. Huja hasa pale kazi inapokuwa ngumu, nayo hupendeza kwa sababu bado hayana hitilafu hata moja. Nilichofanya ni kuyatengea nafasi yake. Kuna mashindano ya Ludum Dare, yaliyoanza mwaka 2002, ambako katika kundi la wanaofanya peke yao unapewa mada na saa 48 za kutengeneza gemu nzima. Pale naliachia wazo jipya litambe wikendi nzima, kisha narudi kwenye kazi yangu nikiwa mwepesi. Gemu ninayoitengeneza sasa ilizaliwa kwenye wikendi ya namna hiyo. Binamu yangu ameshaijaribu, na leveli ya pili inamkwamisha palepale kila mara, kwa hiyo wiki hii nashughulika na hiyo tu.