Kreta imekubali, baada ya wiki tatu

Jamani leo imekubali!! Nimekuwa nadondosha gololi kwenye mchanga niigize kreta, yaani shimo la lile jiwe la angani lililomaliza dinosaria. Ukingo umesimama, majivu yameruka pande zote yamechora miale. Wiki tatu nzima nilikuwa napata kishimo kama kuku kaparua.

Mchawi alikuwa mchanga. Niliuzoa ufukweni, nikachekecha mara mbili, nikauanika kutwa nzima pembeni ya dagaa za watu, ukiushika unasema huu mkavu, kumbe una unyevu kwa ndani, gololi ikidondoka inazama pwu, hakuna kinachoruka. Nikabadilisha gololi, nikapanda hadi juu ya ngazi, nikaisingizia simu ya kupigia picha. Jana nikaukaanga kwenye karai kama karanga mpaka ukawa unateleza kama maji, nikaacha upoe, nikamwaga ngano juu (sembe achaneni nayo, nzito), halafu majivu ya mkaa niliyochuja kwa chujio la chai. Gololi, paa! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Sasa mtoto wa dada akaniharibia raha. "Anko, mbona gololi bado imo? Lile jiwe lenyewe la angani liko wapi?" Nikamwambia lile lilikuwa na upana wa kama kilomita 10, lilipopiga Chicxulub kule Meksiko miaka milioni 66 iliyopita likageuka mvuke na vumbi, shimo lake kama kilomita 180, yaani lianzie hapa Mwanza liishie Bukoba. Vumbi likazunguka dunia nzima, ndo maana wanasayansi kina Alvarez, baba na mwana, walikuta iridiamu, metali adimu ardhini ila nyingi kwenye mawe ya angani, kwenye udongo wa Italia wakatangaza mwaka 1980. (Dinosaria wetu wa Tendaguru, kule Lindi, hawamo, walishakufa karibu miaka milioni 80 kabla.)

Akauliza tena, "kwa hiyo liliwaponda dinosaria wote?" Hapo ndo nikakaa chini. Wengi halikuwagusa hata. Miamba ya pale ilikuwa na jasi, salfa ikapanda angani, na masizi, na vumbi, jua likafifia, baridi, majani yakafa, waliokuwa wanakula majani wakafuata, kisha waliokuwa wanawala.

Nilipanga leo nipime upana wa kreta nikidondosha gololi kutoka urefu tano tofauti. Sijapima hata mmoja. Badala yake, nione jua likikosekana inakuwaje, nimepanda mchicha makopo mawili, moja liko dirishani, lingine nimelifunika ndoo nyeusi, na dada keshaniuliza mara mbili ndoo yake ya kufulia iko wapi.