Nilijivunia vyeti, watu wakahama

Mwaka wa kwanza wa kuratibu mafunzo ya tabianchi kitaifa nilijivunia orodha za mahudhurio. Semina juu ya semina, picha ya pamoja, vyeti. Kisha ikafika zamu ya kuandaa ripoti ya uwazi, ambamo nchi hueleza inatoa kiasi gani cha gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto), ambayo Mkataba wa Paris wa tabianchi unaitaka kila baada ya miaka 2, ile ya kwanza ikitakiwa kabla 2024 haijaisha. Nikawatafuta niliowafundisha: wengi wamehamishwa idara, wengine wameacha kazi. Jedwali la hesabu za gesijoto? Mshauri alimaliza mkataba wake akaondoka nalo. (Na malipo yake ya mwisho niliyasaini mimi, jamani.)

Tukaanza upya, safari hii bila ukumbi wa hoteli. Tulikaa meza moja na watu wa mifugo, nishati na misitu, kila mmoja na takwimu zake. Kueleza kwamba kilo 1 ya methani, gesi wanayotoa ng'ombe, hupasha dunia joto kama takriban kilo 28 za kaboni dioksaidi, ukipima kwa miaka 100, ni suala la dakika 5. Kazi ni kukubaliana ng'ombe ni wangapi, nani aliwahesabu, lini, na faili linakaa wapi. Ng'ombe wa maziwa peke yao walitubishanisha mpaka chai ikapoa.

Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Paris kinataka ujengaji uwezo usukumwe na nchi yenyewe. Nilikisoma mara nyingi. Nilikielewa siku mtu wa mifugo alipoanza kunisahihisha hesabu zangu.