Maji yameingia chumba cha seva

Miaka kumi na miwili nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye vituo vya data, na agizo la kwanza nililopewa lilikuwa hili: maji yasifike karibu na seva. Bomba lilipopita juu ya dari tulilihamisha. Tone moja sakafuni lilitosha kututoa kitandani usiku wa manane.

Siku hizi nashinda nikifunga mabomba yanayofika kwenye chipu yenyewe.

Ni akili mnemba iliyotufikisha hapa. Kabati la seva tulilozoea lilikula kilowati 5 hadi 10, na feni zilitosha. Kabati la NVL72 la kampuni ya Nvidia, lenye chipu 72 za akili mnemba, linakula takriban kilowati 120 na lina uzito unaozidi tani moja, kwa hiyo hata zile sakafu za kuinuliwa tunazikwepa na kuliweka juu ya zege. Joto lote hilo hewa hailiwezi. Maji, kwa ujazo uleule, hubeba joto mara zaidi ya elfu tatu ya hewa.

Kinachoninyima usingizi ni muda. Zamani mtambo wa baridi ukizima, hewa ya chumbani ilitupa dakika kadhaa za kukimbia na kurekebisha. Sasa pampu ikisimama, chipu zinahesabu sekunde tu kabla ya kujizima. Ndiyo maana nang'ang'ania pampu nazo ziunganishwe kwenye betri za dharura, hata mwenye mradi akilalamikia gharama.

Jingine ni usafi. Vijia vya maji ndani ya bamba linalokaa juu ya chipu ni vyembamba mno. Kwenye mradi mmoja mabaki ya uchomeleaji yalibaki ndani ya bomba, tukapoteza wiki nzima tukisukutua mfumo.

Lakini kuna jambo linalonifurahisha kweli: maji haya hayahitaji kuwa baridi. Yakiingia na nyuzi 40 bado yanafanya kazi, hivyo katika hali nyingi za hewa yanaweza kupozwa nje kwa feni tu, bila kuvukiza maji ya mto au ya bomba la mji. Bado wapo wanaojenga minara ya kuvukiza kwa sababu inatumia umeme kidogo. Nawapinga kila kikao.

Kesho tunajaza mfumo mpya. Kabla ya kuwasha, nitapitisha karatasi nyeupe kavu kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, kwa mkono.