Nilivyopima mahitaji ya viwanja katika kata yetu, Mtwara

Kwenye mkutano wa mtaa, kila aliyesimama alitaka uwanja wa mpira. Daftari nilishika mimi, maana kamati ya kata ilinikabidhi kazi ya kuandika mahitaji yetu ya viwanja na sehemu za mapumziko kabla bajeti ya manispaa haijapangwa. Usiku nikapitia majina ya waliochangia: wanaume peke yao, wengi wao vijana. Kina mama walikaa nyuma, hakuna aliyetia neno.

Nikaanza upya. Kwa wiki tatu nilizungukia kila penye nafasi ya wazi, saa 12 asubuhi, saa 10 jioni na saa 1 usiku, nikihesabu watoto, wasichana, vijana wa kiume na wazee, kila kundi na safu yake. Jioni wavulana walijaa. Safu ya wasichana ilikuwa karibu tupu, na usiku hapakuwa na mtu kwa kukosa taa.

Hapa Mtwara tumezoea kuamini nafasi tunayo tele. Mji ulipanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, wakaacha barabara pana na maeneo makubwa. Lakini eneo tupu si uwanja. Sehemu moja niliyoambiwa ni ya wazi niliikuta imejaa mabanda ya biashara. Nyingine mvua zikianza inakuwa dimbwi.

Kwa umbali nilifuata kipimo cha Umoja wa Mataifa, kwamba sehemu ya wazi ya umma iwe ndani ya mita 400 za kutembea kutoka nyumbani. Kwenye ramani karibu nyumba zote zilifaulu. Nikamwomba babu mmoja jirani yangu, anayetembelea mkongojo, tuifuate njia yenyewe. Mtaro usio na kivuko ukatuzungusha hadi kijiwe cha bodaboda, na tulipofika hatua zangu zilikuwa zimepita mita 700. Tangu siku ile sikuiamini tena rula juu ya ramani.

Kina mama niliwafuata majumbani na bombani. Bibi mmoja alinishika mkono: "Mwanangu, hao mpira wanacheza popote. Sisi tupatieni kivuli, pa kukaa na choo." Mabinti walitaja netiboli, tena kwa sauti ya chini, kama wanaomba kikubwa mno.

Hapo nikapiga hesabu. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, haufiki 470. Kwa ardhi ya uwanja mmoja wa mpira unapata zaidi ya viwanja kumi vya netiboli! Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye kamati, pamoja na ile safu tupu ya wasichana, hata waliokuwa wakidai mpira walinyamaza wakasikiliza.

Tuliomba kiwanja cha netiboli, choo, kivuko cha mtaro na taa. Kiwanja kimeshachorwa, na mikungu sita ya kivuli tumepanda wenyewe. Mabinti wanacheza Jumanne na Ijumaa. Taa bado, kwa hiyo magharibi ikiingia wanaondoka mchezo ukiwa katikati, nami nimerudi na daftari, nawahesabu wakiondoka.