Gauni la chai ya saa kumi

Ukialikwa chai ya saa kumi jioni Capri Point, hapa Mwanza, usianze kuwaza gauni. Anza na upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia, hata jani halitikisiki. Ila jua likishapiga miamba na mabati mchana kutwa, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa ya moto inapanda, na ile ya baridi iliyolala ziwani inakuja kushika nafasi yake. Kufika saa tisa, saa kumi, upepo umeshachangamka. Wavuvi wanalijua hilo tangu enzi za mababu. Wanaopanga chai za bustanini ndio wanaolisahau kila mara.

Tangazo la shoga yetu lilikuwa fupi: Jumamosi, saa kumi, kwake, mavazi ya Kiingereza. Chini yake akamwaga picha za wanawake wa kizungu kwenye bustani, kofia zimelala upande mmoja, vikombe vyembamba mkononi, magauni yamebana kiuno mpaka unajiuliza hiyo keki wanaipitishia wapi. Kundi la WhatsApp likawaka moto usiku ule ule. Nani ana kofia? Zinakodishwa wapi? Mmoja wetu anayekaa Pasiansi, ambaye hata salamu za Idi huwa hajibu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika kwamba zambarau ni yake na mtu asimwingilie. (Majina sitaji. Watanisuta.)

Mimi nilikwenda kusoma kwanza. Hadithi inayosimuliwa ni ya Anna, Dachesi wa Bedford, kwenye miaka ya 1840 hivi. Chakula cha usiku kwa matajiri wa Uingereza kilikuwa kimesogezwa mbele hadi saa mbili usiku huko, njaa ikawa inamwuma jioni, akaanza kuagiza chai na mkate chumbani kwake, kisha akawaita na rafiki zake waje kumsindikiza. Basi, ndiyo asili yenyewe. Bibi yangu kule Magu alikuwa na chai yake ya saa kumi kila siku, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, pembeni, wala hakuna aliyemwandika kitabuni.

Kilichonikamata ni nguo. Kuanzia miaka ya 1870, wanawake wa Uingereza wenye nafasi zao walikuwa na gauni maalumu la kupokelea wageni wa chai nyumbani. Kumbuka mwanamke wa heshima siku zile alikuwa anafungwa koseti kuanzia kifuani hadi nyonga, kamba zinavutwa kwa nyuma na mtumishi. Gauni la chai ndilo lililokuwa pumziko lake. Lilikuwa pana, linashuka kutoka mabegani bila kushika kiuno, lina lesi shingoni na mikononi, mengine yamekatwa kwa kuiga kimono ya Japani. Koseti inalegezwa au inavuliwa kabisa. Na halikuwa la kutokea barabarani hata kidogo, maana lilikuwa vazi la ndani ya nyumba, la kuvaa mbele ya watu uliowazoea.

Sasa hilo kama si dera ni nini?

Nikaandika hivyo hivyo kwenye kundi: jamani, vazi la Kiingereza la chai ni dera. Nikapigwa vicheko. Dada wa benki akasema mwenzenu kaishiwa hela ya kitambaa anatafuta pa kujifichia. Mwenyeji akamaliza kesi: "Dera mtu asije nalo kwangu, hapa hatuji kulala." Nikanyamaza, ila msimamo wangu sikuuacha. Nikaamua nitashona gauni la heshima zote, lesi na mikunjo kama picha zinavyotaka, ila kiuno changu hakitabanwa na mtu.

Wenzangu wawili walikwenda Mlango Mmoja, kwenye mitumba, na sitawalaumu. Belo likifunguliwa asubuhi na ukawa na jicho, unatoka na gauni la maua lililoshonwa vizuri kuliko lolote la dukani, kwa elfu tano au saba. Shida ni kwamba mtumba unaukuta kama ulivyo. Kama mwenye nguo alikuwa mrefu na kifua chake kidogo, ndiyo hivyo, unapeleka kwa fundi, fundi anakwambia hapa hakuna cha kufumua.

Mimi nikaenda Makoroboi. Muuza vitambaa alinipima kwa macho akaanza na satini. Inang'aa, inateleza, inapiga picha vizuri. Nikamwambia kaka, hiyo nikikaa nayo dakika kumi juani mgongo wote utaandika ramani. Akaleta kingine, akaapa ni pamba tupu. Hapa nina utaratibu wangu nilioupata kwa mama. Nakamata kona ya kitambaa, naikunja ndani ya ngumi, naibana huku naongea mambo mengine, bei, mvua, watoto, kisha naachia. Pamba inabaki na makunyanzi, imekasirika. Kile kilichoruka kikanyooka chenyewe palepale nikamrudishia na viapo vyake. Cha tatu kilikunjana vizuri kabisa: cheupe, maua ya bluu, yale ya sahani zilizokuwa zinafungiwa kabatini zikisubiri wageni. Nikakiinua kwenye mwanga wa mlangoni nikaona vidole vyangu upande wa pili. Maana yake bitana, au gagulo. Nikachagua gagulo, kwa sababu bitana ni joto mara mbili.

Fundi wangu yuko Kirumba, kibarazani, na cherehani yake ya miguu ambayo nadhani imenizidi umri. Ni mzee wa Kisukuma asiyependa kuonyeshwa picha kwenye simu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mwadila, mama. Leo umekuja na harusi ya nani?"

Nikamweleza. Hakuiangalia picha. Aliuliza nakwenda nalo wapi, nikamwambia Capri Point, ile nyumba ya juu. Saa ngapi? Saa kumi. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakining'iniza, akakipuliza. Kitambaa kikapaa.

"Hili gauni litakuvua mbele za watu."

Nikamwambia gagulo lipo. Akasema gagulo nalo ni nguo, upepo haulichagui. Kisha akavuta droo ya cherehani, chini ya chaki na bobini na vipande vya rula, akatoa sarafu za shilingi hamsini, zile zenye kifaru na mtoto wake. Akaniambia niongezee na zangu. Kila sarafu aliiviringisha kwenye kikitambaa cheupe ili isije ikatoa kutu ikachafua, akaishona kwa mkono ndani ya pindo, akaacha nafasi ya shubiri moja, akashona nyingine. Alivyomaliza akalitikisa gauni. Pindo likashuka likatulia, halina mchezo.

Mimi nilidhani ni ujanja wake wa Kirumba. Kumbe hata nguo za Malkia Elizabeth wa Pili zilikuwa zinawekewa vyuma vidogo vya uzito kwenye pindo kwa sababu hiyo hiyo, maana mtu huwezi kushuka ndege ukipungia mataifa mkono mmoja huku mwingine umeshika sketi. Kwa hiyo upande wa Uingereza wa mavazi nilikuwa nimekamilika.

Mikono nayo tulibishana. Nilitaka ile mipana inayomwagika, kama ya gauni lenyewe la 1870 na kitu. Fundi akauliza: utakula kwa kijiko au kwa mkono? Nikaikata mwisho wa kiwiko. Mwenye masikio asikie, mkono mpana ukiunyoosha kufuata sambusa ya upande wa pili wa meza unapita kwenye kikombe cha jirani kabla haujafika.

Kichwani nilifunga kilemba kwa kipande kilichobaki. Sikuwa na haja ya kujadili na mtu.

Jumamosi ikafika. Bodaboda nilimkatalia, kwa sababu gauni pana na mnyororo wa pikipiki havijawahi kuelewana, nikachukua bajaji. Bajaji inakufikisha hadi chini ya kilima, halafu pale juu kuna ngazi zilizopita katikati ya majabali, nyingine ni ngazi, nyingine ni jiwe tu limeambiwa liwe ngazi. Mwanza ukivaa mchuchumio unavaa kwa imani. Nilikuwa na viatu vya chini vya kamba, nikapanda, nikampita mwenzetu wa Pasiansi na zambarau yake amesimama kwenye jiwe, kiatu mkononi, anajipepea. Bustanini ilikuwa vilevile: visigino vinazama kwenye nyasi, mtu akitaka kusalimia inabidi kwanza ajing'oe.

Niseme ukweli, walipendeza. Ukiwatazama wote kwa pamoja pale juu, ziwa nyuma yao, kisiwa cha Saanane kule, ungesema ni kalenda. Lakini upepo ulikuwa kazini. Dada wa benki alikuwa na kofia pana, nyeusi, yenye unyoya, amei­pachika kwa pini kwenye wigi. Alikunywa chai yote kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umekabidhiwa kofia, na kila alipocheka alitukatia kicheko katikati ashike vizuri. Mwalimu alikuja na glavu nyeupe hadi kiwikoni. Desturi yenyewe ni kwamba glavu zinavuliwa kabla ya kula, na alizivua kweli, ila hakuna aliyekuwa amemwambia zinawekwa wapi. Alizikalia. Wale wa magauni ya kubana walisimama muda wote, wakisema wanapenda hewa.

Mezani kulikuwa na chai ya Mufindi ya maziwa, yenye iliki na tangawizi, kwenye birika la kauri ambalo tuliambiwa mara kadhaa ni la kauri. Kulikuwa na vitumbua, keki ya ndizi, sambusa za sato, na vile vimkate vya Kiingereza vilivyokatwa kingo na kuwekwa matango ndani. Sambusa ziliisha kwanza. Vimkate tulivila kwa adabu.

Halafu akatoka mama mkwe wa mwenyeji. Mama huyu anatoka Ukerewe, amekuja Mwanza kutibiwa macho na yupo pale wiki kadhaa. Alitoka ndani taratibu, dera la kijani lenye lesi nyeupe shingoni, kanga mabegani, raba miguuni. Tukapiga magoti ya haraka haraka, shikamoo mama, shikamoo mama, wenye visigino wakishikilia viti. Akaketi, akapokea kikombe, upepo ukalijaza dera lake mara moja, ukaliachia, na yeye hakushika chochote. Mkwewe akaanza kujitetea kwa wageni, mama hakujua kuna sare. Mama akasema, "Sare ya nini? Nimevaa nguo ya nyumbani, si niko nyumbani?"

Nilimwangalia mwenyeji. Mwenyeji aliangalia birika lake la kauri. Kwa vipimo vya hao hao Waingereza tuliokuwa tunawaiga, gauni pana la lesi, la ndani ya nyumba, mbele ya watu wake, kiuno huru, hakukuwa na mtu aliyevaa sawasawa pale isipokuwa yeye. Nikasogeza kiti changu karibu na chake. Aliligusa pindo langu, akakutana na sarafu, akafuata moja baada ya nyingine kwa kidole gumba huku akinitazama.

"Hii ni akiba?"

"Ni uzito mama, upepo usinivue."

Akacheka mpaka chai ikamwagikia kwenye kisosi. Akaniambia wao zamani kwenye mitumbwi walikuwa wanafunga fundo tu kwenye kona ya kanga na kulikalia. Baadaye nilimwona mwalimu kaziacha glavu kwenye kiti, kavua viatu, kaja kukaa chini kwenye mkeka upande wetu, na wa magauni ya kubana wakawa wanauliza kwa sauti ndogo kama kuna kanga ya ziada ndani. Kanga zilikuwepo, na mwenyeji alizitoa mwenyewe.

Walionipigia simu kuhusu fundi, namba yake sitoi bila ruhusa yake, na kwa sasa amejaa hadi baada ya Idi. Mwambieni fundi yeyote anayejua kushona kwa mkono, atawaelewa. Sarafu zisizidi, maana gauni likiwa zito sana linavuta shingo, na siku ya kufua zinagonga beseni hadi jirani anadhani unasugua masufuria.

Zamu ijayo ni kwa mwalimu, Nyegezi, sebuleni, madirisha yakifungwa kwa ajili ya mbu. Kwa kuwa upepo hautakuwepo, nimemruhusu binti yangu afumue upande mmoja wa pindo. Ameshapiga hesabu ya ubuyu, na sasa anauliza kama fundi anaweza kushona za mia mbili.