Maji ambayo mzee hakuyagusa

Jumapili iliyopita kulikuwa na ubatizo wa watoto, na mchungaji alipofika kwenye lile swali letu sisi washirika, kanisa zima tukasimama. Binti yangu naye akasimama, akaitika kwa sauti kunishinda, kwamba atasaidia kuwalea watoto hawa katika kumcha Bwana. Tulipoketi akaniinamia sikioni: "Mama, na mdogo wangu, naye tulimwitikia hivi?"

Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani nikajipa kazi hadi akalala. Usingizi haukunijia, nami nimeona afadhali niliandike kwanza, pengine nikishaliandika nitaweza kulisema.

Ya mwanzo nayaruka, wengi wenu mnayajua. Mdogo wake alizaliwa kabla ya wakati wake. Ilikuwa homa, gari, upasuaji, mume wangu akitia saini karatasi ambazo hakuwa na akili ya kuzisoma. Mtoto alitoka akiwa hai. Jioni daktari akatuita pembeni, akatueleza kwa upole kwamba mapafu hayajakomaa, na kwamba kama kuna mtu tunayetaka kumwita, tusingoje asubuhi.

Mtu wa kumwita alikuwa mchungaji. Lakini mchungaji alikuwa kwenye kikao cha presbiteri, mbali sana, asingeweza kufika kabla ya kesho yake mchana. Alichoweza kufanya ni kumpigia simu mzee wa mtaa wetu, na mzee akaja.

Sisi Wapresbiteri hatuna askofu. Kanisa letu linachungwa na wazee waliochaguliwa na washirika wenyewe, wakawekwa wakfu mbele yao, na mchungaji anaketi nao katika baraza la wazee bila kuwa bwana wao. Jambo likilishinda baraza linapanda presbiteri, kisha sinodi, hadi mkutano mkuu. Ngazi hizo tunazisikia kwenye matangazo. Mzee wa mtaa, huyo tunaishi naye. Anajua nani mgonjwa, nani kahama, nyumba gani hawasemeshani. Wiki ile ya kuelekea Meza ya Bwana hupita mlango kwa mlango, akiuliza kama tuna amani na Mungu na jirani. Kwa hiyo nilipomwona akiingia wodini amevaa koti lake la Jumapili, siku ambayo haikuwa Jumapili, nilihisi kanisa lote limeingia.

Muuguzi wa zamu alikuwa Mkatoliki. Alishaniambia mapema, kwa sauti ya chini: "Mama, kwetu mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata mimi. Ukitaka, niambie tu." Alikuwa ameandaa bilauri ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, akaiweka juu ya kijimeza cha chuma kando ya sanduku la kioo alimolazwa mwanangu, na kuifunika kwa kipande cha shashi. Nilimshukuru nikamwambia asubiri. Nilitaka mwanangu abatizwe na kanisa lake.

Mzee alinawa mikono hadi kwenye viwiko kama alivyoelekezwa, akavishwa joho la hospitali juu ya lile koti. Akaja akasimama upande wa pili wa sanduku. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kidonda bado kibichi. Nikamwambia mzee, "Maji ni hayo. Mbatize."

Aliitazama ile bilauri. Mashine ilikuwa ikilia kidogo kidogo kwa kila pumzi, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi, siyo dakika. Akaishika shashi kwa vidole viwili, akaiinua, akayaangalia maji. Halafu akaifunika tena. Akaifunika taratibu, akizinyoosha pembe zake moja moja, kama alivyokitandika miaka yote kile kitambaa cheupe juu ya mkate na kikombe kabla ya ibada ya Meza ya Bwana. Mkono wake ulibaki pale juu ya shashi, wala haukuingia ndani.

"Mwanangu," alisema, "mimi niliwekewa mikono niwachunge. Kubatiza sikupewa."

"Mchungaji hawezi kufika, mzee."

"Najua."

"Mtoto anaondoka."

"Najua, mwanangu."

Nikapandisha sauti. Muuguzi akasogea karibu, mume wangu akainuka. Nilimuuliza yule mzee, aliyenifundisha katekisimu nikiwa msichana, aliyesimama siku ya arusi yangu, nikamuuliza, "Basi ukimwacha hivi, anakwenda akiwa nani?"

Hakunijibu papo hapo. Alipojibu sauti ilikuwa inamtetemeka, na sijawahi kumsikia hivyo kabla wala baada. "Anakwenda akiwa mtoto wenu, mtoto wa agano. Nikiyachukua haya maji kwa sababu ya hofu, yako na yangu, nitakuwa ninakuambia kwamba Mungu alikuwa ananingoja mimi ndipo amjue. Siwezi kukuambia hivyo. Siyo kweli."

Kisha akauliza jina. Tulikuwa nalo tayari, na jina hilo nitabaki nalo. Akaweka kiganja juu ya kioo, mahali palipo sawasawa na kichwa cha mtoto, akafumba macho akaisema kwa moyo ahadi ile ya Mwanzo 17, pale Mungu anapomwambia Abrahamu kwamba atakuwa Mungu wake na Mungu wa uzao wake baada yake. Kila palipotakiwa neno "uzao", alitaja jina la mwanangu. Alilitaja jina kamili, polepole, kama linavyotajwa penye beseni la ubatizo, isipokuwa hapakuwa na tone. Kioo kilishika ukungu wa kiganja chake, nao ukadumu hapo kidogo alipoondoa mkono.

Alfajiri pumzi zake zikawa zimekwisha. Muuguzi aliyamwaga yale maji kwenye sinki na kuisuuza bilauri, kwa sababu ilikuwa bilauri ya wodi na ilihitajika. Mchungaji alifika mchana, tukazika, akasoma maneno ya Daudi aliyefiwa na mtoto wake mchanga: mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi. Watu walikuwa wema sana. Sikumbuki mengi.

Ninachokumbuka ni kiu ya kusoma iliyonishika baadaye. Nilitaka nimkute mzee amekosea. Mchungaji aliniazima Ungamo la Imani la Westminster, lile walilolikamilisha wale wachungaji na wanazuoni kule London mwaka 1646, vita ikiwa ndani ya nchi yao, na ambalo makanisa yetu ya Kipresbiteri yamelishika kama msingi chini ya Maandiko. Sura ya 27: sakramenti ni mbili, ubatizo na Meza ya Bwana, na hakuna anayeruhusiwa kuzitoa isipokuwa mhudumu wa Neno aliyewekwa wakfu kihalali. Mzee hakuwa amebuni kitu. Sura ya 28: kuudharau ubatizo ni dhambi kubwa, lakini neema na wokovu havikufungwa kwenye ubatizo kiasi kwamba mtu hawezi kuokolewa pasipo huo. Hapo nilivuta pumzi.

Halafu nikafika sura ya 10, kifungu cha 3. Kinasema watoto wachanga wateule, wakifa wangali wachanga, wanazaliwa upya na kuokolewa na Kristo kwa Roho, ambaye hufanya kazi wakati apendao, mahali apendapo na kwa namna apendayo. Nilikisoma usiku, nikarudi juu, nikakisoma tena. Wateule. Kwa nini wamesema wateule? Kama wapo walioteuliwa, hao wengine je? Uteuzi, yaani kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayewachagua atakaowaokoa, nililelewa nao, nikiuimba na kuusikia madhabahuni, na siku zote ulikuwa habari njema: Mungu ametutangulia, hatukumtafuta sisi. Usiku ule neno lilelile lilinisimamia mlangoni likanizuia kuingia.

Nilimpelekea mchungaji kifungu hicho nikiwa nimekiwekea alama ya kalamu kwenye kitabu chake. Hakukasirika. Alinionyesha kwamba kifungu hakisemi popote kwamba yuko mtoto mchanga aliyepotea. Kinasema jinsi wale wanaookolewa wanavyookolewa, yaani kwa Roho, bila kusubiri waelewe au waitike. Lakini alikiri kwamba swali langu ni la zamani na limewaumiza wengi. Mwaka 1879 Wapresbiteri wa Muungano kule Uskoti walitamka rasmi kwamba kulikubali Ungamo hakumlazimu mtu kuamini kuwa yuko anayekufa mchanga akapotea. Mwaka 1903 kanisa kubwa la Kipresbiteri la Marekani likaenda mbali zaidi, likasema linaamini wote wafao wakiwa wachanga wamo katika uteuzi wa neema. Miaka zaidi ya mia mbili tangu London hadi kufika hapo. Nilifikiria mama wote wa kati ya miaka hiyo, waliokisoma kifungu kile bila mtu wa kuwaonyesha matamko hayo kwa sababu yalikuwa bado.

Na kuna John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya kumi na sita ambaye makanisa yetu yanafuata mafundisho yake. Yeye ndiye aliyepinga kwa ukali kule kubatiza kwa dharura kulikofanywa na wakunga, akiandika kwamba Mungu amewapokea watoto wetu kuwa wake hata kabla hawajazaliwa, kwa ile ahadi ya agano. Kwa muda nilimchukia kwa hilo. Nilimwona ni mwanaume wa vitabu, anayeandika juu ya vitanda asivyovijua. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1542 mkewe, Idelette, alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Calvin alimwandikia rafiki yake Pierre Viret kwamba Bwana amewatia jeraha zito na chungu kwa kifo cha mwana wao mchanga, lakini Yeye mwenyewe ni Baba, na anajua lililo jema kwa watoto wake. Siwezi kusema barua hiyo ilinituliza. Ila tangu hapo nikimsoma nasoma mtu aliyefiwa.

Na mzee? Hatukuwahi kuurudia usiku ule kwa maneno. Aliendelea kutupitia kila kabla ya Meza ya Bwana, akiwa na kile kidaftari chake chenye jalada jeusi, kimefungwa kwa mpira. Siku moja alikiacha wazi mezani alipokwenda kunawa, nami nikatazama. Kila nyumba ya mtaa ina ukurasa: baba, mama, watoto, na kando ya kila jina tarehe ya ubatizo na ya kupokelewa mezani. Kwenye ukurasa wetu lilikuwapo jina la binti yangu na tarehe yake. Chini yake jina la mdogo wake, kwa wino uleule. Kwenye nafasi ya tarehe hakuandika kitu. Hakuikata kwa mstari pia. Katika kitabu cha ubatizo cha kanisa jina hilo halimo na haliwezi kuwamo, nalielewa hilo. Katika kidaftari cha mzee limo pamoja na ya walio hai, na sasa ninajua kwa nini alipokuwa akituombea sebuleni kwetu alituombea watoto, kwa wingi, hata miaka ile tulipokuwa na mmoja tu.

Mzee amekwisha kupumzika. Mume wangu anasema alifanya sawasawa, na kwamba mtu dhaifu zaidi angeyatumia yale maji ili apone na macho yangu, nasi tungebaki maisha yetu yote tukidhani mtoto wetu aliokolewa na bilauri. Huwa namsikiliza hadi mwisho. Kila neno alilosema mzee usiku ule ninaliamini, nimelitafuta kwenye Ungamo na kwenye Maandiko nikalikuta, na ningeulizwa na presbiteri ningelitetea. Na bado ningeyataka yale maji. Ningetaka niyaone yakimtelemka kwenye paji la uso, hata kama hayakumwongezea chochote mbele za Mungu.

Kesho nitaanza na hilo la kwanza, kwamba hatukumwitikia, kwa sababu hakufika kanisani. La pili, la yale maji, sijui kama binti wa umri wake anaweza kubebeshwa. Lakini aliuliza kwa uzito, na aliitika kwa sauti kunishinda.